Kaburi la Kuzuia Wageni

Jumatatu, 4 Juni

Bado shingo za masweta ya shule. Mikono na viwiliwili nilimaliza jana, leo shingo tu, na vidole vimekufa ganzi. Upepo wa Juni hauna adabu. Unaingia chini ya mlango, unapanda miguuni, unakaa kiunoni. Mwezi huu Sumbawanga nzima inahitaji sweta. Inahitaji, ndiyo. Ila hainunui kwangu.

Mwalimu mkuu kapunguza oda. Anasema wazazi wanachukua ya dukani, ya kutoka Nairobi, yamefungwa kwenye nailoni, nembo ya shule inashonwa baadaye. Nimeyashika. Mepesi. Ukifua mara mbili unamvalisha mdoli. Lakini bei yake siifikii hata nikifuma bure, maana nyuzi zenyewe nazinunua ghali. Ndiyo soko huria hilo. Kila mtu abebe mzigo wake.

Laurenti alikuwa barazani na baiskeli ya mtu, mimi ndani na mashine ya kufumia, redio katikati yetu kama siku zote. Taarifa ya habari. Rwanda na Burundi zinaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe mosi mwezi ujao. Mume wangu akaingia na mikono yake ya grisi, akaizima. Huyu mtu husikiliza hadi matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Hajawahi kuzima redio katikati ya habari. Sikumwuliza. Alama ya grisi bado ipo kwenye kitufe.

Jumatano, 6 Juni

Naogopa na sijui naogopa nini. Sista aliyenifundisha kufuma alikuwa akisema, andika siku yako, itakuachia ulale. Haya, naandika.

Laurenti ni Mrundi. Nimeandika. Miaka yote ya ndoa tunasema ni mtu wa Mpanda, na si uongo, amekulia kule Katumba kwenye makazi ya wakimbizi. Aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili. Burundi anayoikumbuka ni joto la ule mgongo, basi. Alitoka Katumba kwa kibali cha kuja kutibiwa jino hapa mjini. Jino likang'olewa, akanikuta mimi, kibali kikaisha, yeye akabaki. Hapa Milanzi hakuna aliyewahi kuuliza. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi Mfipa.

Sasa redio imemtaja. Si jina lake, lakini imemtaja.

Alhamisi, 7 Juni

Binti yetu Yusta karudi toka shule analia. Wenzake wamemwambia tarehe mosi anapelekwa kwao. Kwao wapi? Kazaliwa hospitali ya hapa, kabatizwa hapa, ugali wa ulezi anaula kuliko mimi. Nilitaka kwenda shuleni kupiga mtu makofi. Sikwenda. Nikienda nitakuwa nimekubali kwamba kuna jambo.

Sokoni ni vioja. Nimepita kununua nyuzi. Kina mama wa nyanya wamesikia "soko la pamoja" wanadhani vizimba vyao vitaunganishwa na vya Wakenya, kila Mfipa akae na mgeni meza moja. Mmoja ameshaanza kupiga misumari kwenye meza yake isihamishwe. Nilicheka. Kisha yule yule akaniambia Warundi wanakuja kwa malori kuchukua ardhi. Mwenziwe akadakia, hapana, wale walioko ndio wanaondolewa. Wameshindwa kuamua waogope kipi, wakaona waogope vyote. Nikalipa nyuzi nikasahau chenji.

Jumapili, 10 Juni

Kijijini Msanzi, kwa Mama. Tulipanda pikapu iendayo Matai baada ya misa, vumbi hadi kwenye kope.

Mama anakohoa. Anasema ni vumbi la maharage. Maharage yameshapurwa tangu wiki iliyopita, hilo vumbi limetoka wapi? Anabisha. Mbishi tangu nimjue. Mwaka jana walipopita wale watu wa kukusanya maoni, kuuliza kama wananchi wanataka shirikisho la nchi zote hizi liharakishwe, Mama alinyoosha mkono. Akasema Muungano tunaujua, tunao mmoja tayari na bado hatujamaliza kuusemea, huyu bibi harusi wa pili anaolewa ili iweje? Mkutano mzima ulivunjika mbavu.

Tulikwenda kutazama shamba. Upande wa chini ni matuta tuliyovunia maharage, yale yetu ya Ufipa, ya mviringo, nyasi zimefunikwa ndani zioze. Kwa Kifipa intumba. Mvua zikirudi tutayatawanya tupande ulezi. Upande wa juu umelala, ni nyasi tupu, una miaka miwili unapumzika. Mama alinigawia shamba lote hili nilipoolewa, Kaka Wensi akapewa la mtoni, ambalo ni zuri zaidi.

Mama alikumbusha tena kisa cha kofia. Kila tukifika hapo lazima akisimulie. Laurenti alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, alipita njia hii ya shambani na kofia yake ya pama. Akaona matuta yale. Kwao hakuna kitu kama hicho. Akajua ni makaburi. Akavua kofia, akapita kichwa wazi kwa heshima hadi mwisho wa shamba, huku akijiuliza ukoo huu umepatwa na gonjwa gani. Kaka Wensi alimwona toka mbali. Alicheka hadi akaketi chini. Kijiji kizima kilimwita "Bwana Pole" mwaka mzima.

Leo Mama alisimulia, Laurenti akacheka, mimi nikacheka. Kaka Wensi hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa juu, kwenye nyasi. Akasema sasa ardhi iliyolala itahesabika haina mwenyewe. Wageni watakuja na karatasi zao, wataona majani, watasema hapa hapalimwi. Mimi nikamjibu, wewe si uliwauzia mahindi wale wa lori la namba za Kenya juzi, ukashangilia bei? Akasema mahindi yanaota tena kila mwaka.

Siku nzima hakumwita Laurenti shemeji hata mara moja. Alimwita "huyu bwana."

Jumanne, 12 Juni

Baridi. Oda hakuna. Naogopa mtu akigonga mlango. Leo aligonga dada wa maziwa, nikamfungulia kwa ufa tu, akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 16 Juni

Laurenti alikwenda Msanzi peke yake kuleta maharage yetu. Karudi mchana, gunia hakulishusha vizuri, akaliachia tu likaanguka. Akakaa.

Akasema, "Mama Yusta, kule kwetu kuna kaburi."

Nikapiga ukunga. Nilijua ni Mama. Akanishika mkono, hapana, Mama mzima, kamsindikiza hadi barabarani. Hajafa mtu. Kaburi lipo upande wa juu, kwenye nyasi, udongo mbichi, msalaba wa mbao. Msalaba hauna jina.

Kalichimba Kaka Wensi. Hakuficha. Amemwambia Laurenti kwa kinywa chake: sheria ni sheria, lakini makaburi hayahamishwi. Mgeni akija na ramani akikuta kaburi la ukoo, atageuza gari. Ni ulinzi. Ni kwa faida yetu sote, alisema.

Laurenti anasema alitamka "yetu sote" akimtazama kama mtu anayetazama mvua inakuja.

Jumapili, 17 Juni

Nimelichungulia. Bora nisingekwenda.

Nilidhani kalundika udongo tu. Kachimba kweli. Jirani anasema Wensi alifanya kazi hiyo tangu asubuhi, akashuka hadi kichwa hakionekani, akafukia. Alisema akija mtu kupima kwa fimbo lazima akute limechimbwa. Ana akili nyingi huyu kaka yangu, nyingi mahali pasipotakiwa.

Wazee wetu hawakuacha shaka katika hili. Kaburi la kesho halichimbwi leo. Halichimbwi likalala wazi, na halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu limedanganywa, na litamtafuta mtu wake. Tangu mtoto najua. Katekista wa kigango nilimkuta njiani, akaniambia huo ni upuuzi wa kipagani, nisiogope, Mungu ndiye ajuaye siku. Kisha akazunguka shamba kwa njia ya mbali. Nilimwona.

Na wengine wawili wameiga! Mzee mmoja wa upande wa barabarani kachimba kwenye konde lake, na mjane mmoja kalipa vibarua wamchimbie. Kijiji cha watu wazima na akili zao, kinapanda makaburi kwa kuwa redio imesema mambo ya Nairobi na Arusha. Mwenyekiti wa kijiji kafoka, lakini kwa mbali, hataki kukaribia.

Kuna kitu sikumwambia mtu. Kaburi la Kaka Wensi ni refu. Sisi kwetu wote wafupi. Baba alikuwa mfupi, Wensi mfupi, mimi najiita mtu mzima kwa sababu ya kilemba. Katika ukoo huu mtu mrefu ni mmoja, naye si wa damu.

Alimpima nani?

Jumatano, 20 Juni

Laurenti ana homa.

Imeanza jana jioni, meno yanagongana, blanketi mbili na masweta yangu yote juu yake. Zahanati wamesema malaria, wamempa dawa. Malaria, sawa. Watu wanaugua malaria kila siku. Nimejiambia hivyo nikifua, nimejiambia nikipika.

Mchana alifumbua macho akasema lile shimo ni kipimo chake. Yeye naye aliona. Kumbe alikuwa kimya ili mimi nisijue, na mimi nilikuwa kimya ili yeye asijue.

Alhamisi, 21 Juni

Homa ile ile. Uji kautapika. Yusta kaomba tusali rozari. Katikati nilisahau niko fumbo lipi.

Ijumaa, 22 Juni

Kaka Wensi alikuja mjini na magunia. Nilimfuata kwenye mashine ya kusaga. Sikumwamkia. Mara ya kwanza maishani kumkuta kaka yangu mkubwa bila shikamoo, na mbele za watu. Nilimwambia akalifukue lile dude lake, mume wangu anakufa. Nilipayuka. Wanawake wenye ndoo zao za unga kichwani wakasimama kutazama.

Alibadilika rangi. Akaapa kwa Baba aliye kaburini, hakumpima mtu. Alichimba tu, akachimba, akili haikuwa kwenye urefu. Nadhani hasemi uongo. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Mikono ilimpima yenyewe.

Kisha naye akapandisha sauti. Akasema mimi sioni mbali. Burundi ikishaingia, mumeo atakuwa na haki, atasema shamba ni la mtoto wake, mtoto ni wa baba, na shamba la baba yetu litakuwa Burundi. Wenzetu wanakuja wakijua Kiingereza na biashara, sisi tunajua matuta. Tukipoteza matuta tumebaki na nini, Skola? Macho yalimjaa machozi. Nilikuja nikiwa na hasira ya kumtosha, nikamkuta anaogopa kuliko mimi. Kugombana na mtu mwenye hofu ni kazi bure. Nikarudi nyumbani na mahindi yangu bila kuyasaga.

Jumapili, 24 Juni

Homa imeshuka. Mungu mkubwa. Kanywa uji, kauliza nani kachukua spana yake.

Furaha haikukaa. Jioni nimemkuta anapanga nguo kwenye begi la kaki. Anasema atarudi Katumba kwa muda, vumbi litulie. Kule pia wanasema watu wataulizwa, mmoja mmoja, kurudi Burundi au kuomba uraia wa hapa. Labda ndiyo njia, ajiandikishe akiwa kwao. Nikamwambia kwao ni hapa. Akasema ndiyo, lakini nani mwingine anajua hivyo?

Akasema pia kama ni kwenda Burundi, ataenda. Mwanaume aliyeiona Burundi kwa kisogo, akiwa kichanga. Ataulizia njia kwa nani?

Akiondoka harudi. Najua. Kibali hana, njiani ni vizuizi. Kaburi lile halihitaji kumla. Limekwisha kumtoa.

Jumanne, 26 Juni

Lazima niandike leo yote, sijui nianze wapi.

Mama kaja. Mama huyu asiyekuja mjini hata kwa Pasaka, anayesema Sumbawanga ina kelele za bure. Kashuka kwenye pikapu ya asubuhi na upepo ule, shuka mbili, fimbo, kikapu cha maharage. Anakohoa hadi anainama. Nyuma yake Kaka Wensi kabeba kiti kidogo cha gogo cha Mama kama mtoto aliyekamatwa.

Akakataa chai. Akataka sote tukae ndani, mlango ufungwe. Laurenti alitaka kutoka, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawakai wakatazamana. Tangu anioe hawajawahi kula sahani moja, salamu zao huzitupia ukutani. Mama akamwambia, "Wewe kaa. Leo nakutazama."

Akamtazama. Laurenti akainamisha uso, jasho likamtoka na baridi ile.

Mama hakusema mengi. Alisema kaburi limeshachimbwa, limechimbwa, halifutiki. Linataka mtu. Haya, mtu yupo. "Mkubwa hapa ni mimi. Msininyang'anye zamu yangu." Akasema lile kaburi ni lake. Siku yake ikifika alazwe mle, si kule kwa Baba chini ya mlima, mle mle kwenye nyasi za juu. Kaka Wensi akaanza kulia, Mama akamwambia anyamaze, alitaka kaburi la ukoo, si amepata?

Kisha akamgeukia Laurenti tena. Kaburi likiwa na mtu linahitaji wa kulipalilia. Wensi ana la Baba. La kwangu litapaliliwa na mkwe wangu. Mtu wa kupalilia kaburi haendi Katumba, wala Burundi, wala kokote. Anakaa. Na shamba lililozunguka kaburi ni la mwenye jembe.

Akaomba sasa hiyo chai.

Nilimpikia. Kamwokoa mume wangu, na kwa maneno yale yale kajitoa mwenyewe. Niliogopa kumshukuru. Kushukuru kungekuwa kupokea.

Jumatano, 27 Juni

Laurenti karudisha nguo kabatini. Begi kalitundika.

Mama kakataa kabisa kupitia hospitali. Kasema daktari atamwambia anakohoa, na hilo analijua. Kaondoka na pikapu.

Jumapili, 1 Julai

Ndiyo leo.

Niliamka mapema kuliko jogoo wa jirani. Nikafungua dirisha. Barabara ile ile, mbwa wale wale, upepo. Hakuna lori. Hakuna mtu aliyekuja, hakuna mtu aliyechukuliwa. Misa imesomwa, padri hakugusia. Redio imetaja, ikaendelea na mpira.

Mpangaji wa nyumba ya pili, mtu wa utani sana, alimpigia Laurenti kelele toka ng'ambo. Kumbe alikuwa anajua siku zote! "Karibu Jumuiya, jirani! Leo umekuwa mwenzetu rasmi, bia zako ziko wapi?" Laurenti akabaki na pampu mkononi. Kisha akacheka. Nilikaa nyuma ya mlango nikalia kwa kucheka kwake.

Na dukani wameshusha marobota mengine ya masweta. Hofu yangu ya kwanza, ile ndogo, ndiyo pekee iliyofika kweli.

Jumamosi, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamevaa, wanakwenda kwenye maonyesho. Wensi kapiga simu toka kwa mwenyekiti. Mama hawezi kuinuka. Tumemleta hospitali ya mjini kwa gari la kukodi, Laurenti kampakata njia nzima, mkwe na mama mkwe, kichwa chake kwenye kifua cha sweta nililomfumia. Miiko yote imekwisha. Nimonia, wamesema, mapafu yote mawili. Amechelewa.

Ni kikohozi tangu Mei. Nakiandika hapa nikione. Kilianza kabla ya kaburi. Kabla ya redio. Kabla ya yote. Kikohozi tu.

Mbona sijiamini?

Jumatatu, 9 Julai

Mama kamwuliza Laurenti kama nyasi za juu zimekatwa. Laurenti kasema zimekatwa. Hazijakatwa. Kaka Wensi aliposikia akatoka wodini, akapanda gari kwenda kuzikata.

Alhamisi, 12 Julai

Mama amekwenda. Alfajiri.

Jumamosi, 14 Julai

Tumemzika Msanzi, upande wa juu.

Wensi alikataa vijana wasimsaidie. Kafukua mwenyewe udongo aliouweka mwenyewe. Ulikuwa bado laini, kazi haikuchukua muda. Alipotoka shimoni alikuwa mwekundu wa udongo hadi masikioni.

Mama alikuwa mdogo. Nilikuwa sijaona alivyopungua. Jeneza lake fupi liliposhushwa, kaburi likabaki na nafasi kubwa miguuni, nafasi ya mtoto kulala. Watu wote waliona. Wensi akapiga magoti pembeni, akasema kwa sauti, "Nimechimba refu mno, Mama. Nisamehe, nimechimba refu mno." Laurenti ndiye aliyemshika kwapani akamwinua. Wakafukia wawili, majembe yakipishana, hadi pale patupu pakajaa.

Jumatatu, 16 Julai

Wale wengine wawili wameyafukua makaburi yao usiku, wamesawazisha. Mjane kapanda maboga juu, kiangazi hiki! Hayataota. Hakuna aliyemcheka.

Jumapili, 29 Julai

Tumekwenda kusafisha. Upepo umepungua kidogo. Yusta alikuwa amebeba maji ya chupa na maua ya kanisani.

Kaburi limekaa. Mvua zikija litashuka zaidi, nyasi zitaota, na kwa mbali halitatofautiana na matuta ya chini. Wensi keshachonga jina kwenye msalaba. Herufi zake mbaya, ya mwisho imebanwa pembeni.

Alitutangulia, alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha Mama. Alipotuona akainuka. Akasema, "Karibu, shemeji."

Laurenti alikuwa ameshavua kofia. Si pale kaburini. Aliivua toka mwanzo wa njia, kwenye tuta la kwanza la maharage, akapita matuta yote kichwa wazi, moja baada ya jingine, kama ile mara ya kwanza. Kaka Wensi alimtazama muda wote anavyokuja. Nilisubiri.

Akavua na yeye.